Msomaji wenu aje aishike mwenyewe

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba mzee anayekaa mezani akigundisha ndege ya plastiki amekosa wajukuu wa kutuma dukani. Wajukuu ninao, wanatumika, na ndege ninayo. Naomba nafasi nimjibu.

Nilishona nguo hapa Voi miaka 38, hadi macho yalipoanza kukataa tundu la sindano. Kisanduku cha vipande vya kuunganisha aliniletea mwanangu alipokuja likizo kutoka Uingereza: B.E.2c ya kampuni ya Airfix, kipimo cha 1 kwa 72, yaani ile ya kweli ni ndefu mara 72, ndege ya Vita Kuu ya Kwanza, ile yenye mabawa ya ghorofa. Ikiisha, toka ncha hadi ncha ni kama sentimita 16, nusu rula na ushee.

Nilipolitoa bawa la chini nilicheka peke yangu. Mbavu zimejichora kama za mtu aliyevaa kanzu iliyolowa. Maana ile ya kweli ilikuwa mbao na kitani, na kitani kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngoma. Yaani kabla rubani hajaruka, kuna fundi aliyeshona.

Bawa la juu ndilo lililonitoa jasho. Linakalia vijinguzo vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ukisimamisha kimoja, kingine kinalala. Usiku wa kwanza nililishikilia kwa mikono miwili hadi mke wangu akanilisha ugali kama mgonjwa. Kesho yake nikakumbuka kazi yangu: nguo haiendi cherehani bila pini. Nikakata katoni ya maziwa vipande viwili vya kimo kimoja, nikavisimamisha kati ya mabawa, nikaenda kulala. Asubuhi limenyooka. Ila gundi ya plastiki iliniishia, nikatumia ile kali ya kubandikia viatu haraka, mvuke wake ukakitia ukungu kioo cha rubani. Ukungu uko hadi leo.

Halafu nyaya. Mabawa yale yalikazwa kwa nyaya, basi nami nikatoboa kwa sindano ya moto nikapitisha uzi wa nailoni, ule wa kupindia suruali. Nilipofunga wa mwisho ndipo nikaona jambo. Mtazamaji alikaa mbele, rubani nyuma yake, na huyo wa mbele kazungukwa na nguzo na nyaya kila upande. Adui akija, bunduki aielekeze wapi?

Msomaji wenu anauliza haya yanatuhusu nini. Mwaka 1916 ndege za aina hii, za Kikosi cha 26 cha Waafrika Kusini, zilikuwa Mbuyuni, hapo njia ya Taveta, na reli ya kijeshi ya kwenda huko ilianzia hapa Voi. Mizigo ya vita ile ilibebwa na watu wetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kwa matamshi yetu.

Kisandukuni hamna mpagazi. Nimechonga mmoja kwa mabaki ya plastiki, sentimita mbili na kitu, kasimama kando ya gurudumu, mzigo kichwani. Kilichonishinda ni kumvisha. Mtu yeyote wa Taveta aliyesimuliwa na wakubwa zake wapagazi wale walivaa nini, na rangi gani, aniandikie kupitia gazeti hili. Brashi ninayo, nasubiri.

Fundi Cherehani Mstaafu,
Voi