Sarafu iliyoharibiwa si sarafu yenye hitilafu ya kiwandani

Mhariri,

Sarafu zilizopondwa, kukatwa au kumwagiwa tindikali zinauzwa mtandaoni kwa bei za kutisha, eti zilitoka kiwandani na kasoro. Nyingi ziliharibikia mikononi mwa watu, na muuzaji ama hajui au anajua vizuri sana.

Swali la kwanza liwe: madini yamekwenda wapi? Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, ndani ya pete. Muhuri ukipata ufa, madini huingia humo, hivyo kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka. Mkwaruzo ni mfereji, na madini yaliyosukumwa hurundikana kando yake. Lenzi ya kukuza mara 10 na taa iliyowekwa ubavuni vinatosha.

Pengo la ukingoni ndilo linalodanganya wengi. Kisahani, yaani kipande cha madini ambacho bado hakijagongwa kuwa sarafu, kikiwa na pengo kabla ya kugongwa, mara nyingi ukingo ulio mkabala nalo hufifia, maana mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukandamiza. Herufi za karibu nazo hutanuka kuelekea penye pengo. Tupa au mkasi huacha ukingo wa mkabala ukiwa mzima, na herufi zimekatika ghafla.

Ukiona herufi za kinyume zimedidimia juu ya picha ya kawaida, shuku jiriwa: sarafu mbili zimebanwa pamoja. Ukingo ulionenepa na kukunjika kwa ndani hutokana na sarafu kuzunguka muda mrefu ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Tindikali nayo hupunguza uzito na kufifisha picha pande zote.

Senti ya Marekani ya 1943 inastahili aya yake. Ya kawaida ni ya chuma, hunaswa na sumaku hata ikipakwa shaba. Ile adimu ya shaba hainaswi, na uzito wake ni gramu 3.11 hivi. Ila sumaku haimgundui aliyekwangua 8 ya senti ya 1948 ikawa 3. Tazama mkia wa hiyo 3: ya kweli hushuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine.

Anayeuza aonyeshe picha za pande zote mbili, picha ya ukingo, na uzito uliopimwa kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Akikataa, msinunue.

Mkusanyaji wa sarafu