Tarakimu ya kwenye kitako si ushahidi

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu bunduki kuukuu za kijeshi zinazobadilishwa ili zitumie risasi za aina nyingine. Mwandishi amejitahidi, na picha ni nzuri. Ila kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba: eti kazi yenyewe ni "kung'oa mtutu wa zamani na kufunga mpya, basi". Nimekuwa fundi bunduki kwa miaka 31, na leseni nimeirudisha mwaka juzi mkono ulipoanza kunitetemeka. Naomba nafasi kidogo.

Siku moja alinijia kijana, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na Mauser 98, bunduki ya kijeshi ya muundo wa Kijerumani, aliyorithi kwa babu yake. "Mzee, hii kitu imelogwa," akaniambia. Kwa mita 50 tu, risasi nyingi hazikugusa hata karatasi. Zilizogusa zilikuwa zimeingia ubavuubavu, zikaacha matundu marefu kama ya vifungo vya shati. Kwenye kitako cha mbao palichomwa tarakimu kubwa, 7.62, naye kwa kuiamini akanunua risasi za 7.62×51 (namba ya kwanza ni upana wa mtutu kabla ya kuchongwa mifereji ya kuzungusha risasi, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita).

Maganda alikuwa ameyafunga kwenye leso. Nikachukua moja, nikalisimamisha mezani kando ya risasi ambayo haijapigwa. Risasi nzima bega lake, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni, huanza kama milimita 40 kutoka kwenye kitako cha ganda. Kwenye ganda lake bega lilikuwa limesukumwa mbele kama milimita sita, na shingo imebaki kijipande. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kujaza umbo la chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linamokaa, na umbo nililoliona lilikuwa la 7.92×57, risasi ya asili ya bunduki hiyo. Nikapima kichwa cha risasi: milimita 7.82. Mtutu ule, kutoka mfereji hadi mfereji, ulikuwa 8.2. Kichwa cha risasi kilikuwa kinapita mle kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Mifereji haikukishika, wala hakikuzunguka.

Nikamuuliza amefyatua ngapi. Akasema saba. Nikavuta kiti nikakaa.

Chuma kilikuwa cha bunduki moja, mbao za nyingine. Israel ilinunua Mauser nyingi kutoka Czechoslovakia mwaka 1948, na baada ya nchi za NATO kukubaliana juu ya risasi ya 7.62×51 mwaka 1954, Waisraeli wakazifungia nyingi mitutu mipya. (Baadhi zilikuwa na tai wa Hitler na nyota ya Daudi kwenye chuma kilekile. Nimewahi kuishika moja, na sikujua niseme nini.) Kazi ile ilifanywa vizuri. Alama ya 7.62 iligongwa kwenye chuma juu ya chemba, ikachomwa pia kwenye kitako ili askari asikosee. Lakini zilipouzwa kama mabaki ya jeshi, watu walizifungua na kuuza vipuri. Kitako kikaenda huku, mtutu kule. Mtu fulani, ambaye sitamjua kamwe, akakivisha kitako kile kwenye Mauser ambayo haijawahi kubadilishwa.

Kijana yule aliokolewa na kitu kimoja tu: kichwa cha risasi kilikuwa chembamba kuliko mtutu, kwa hiyo gesi ilipata pa kupitia. Geuza mambo, kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba, na pale mezani tungezungumza mengine. Wajerumani walilijua hilo mapema. Bunduki yao ya mwaka 1888 ilitumia kichwa cha milimita 8.08, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wakaleta kipya chenye ncha kali, milimita 8.20. Bunduki za zamani zilizorekebishwa kwa ajili yake zilipigwa herufi S kwenye chuma juu ya chemba. Si kwenye mbao.

Sasa hiyo "basi" ya mwandishi wenu. Mauser 98 imewadanganya wengi kwa sababu ina bahati: kitako cha ganda la 7.92×57, cha 7.62×51 na cha .30-06 ya Kimarekani ni karibu sawa, kama milimita 12, hivyo bolti, komeo linaloshika kitako hicho, haihitaji kuguswa. Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi, ni habari tofauti. Ganda lake lina ukingo na ni nene zaidi chini. Nyingi kati ya zile zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya Urusi zilibaki Marekani baada ya mapinduzi ya 1917, na baadhi zikachongwa upya na wafanyabiashara zipige .30-06. Sehemu ya nyuma ya chemba ilibaki pana, maana chuma kilichokwisha kuchongwa hakirudi, na maganda yakawa yanavimba na kupasuka humo.

Hata majeshi yenye karakana kubwa yalipata tabu. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitaka bunduki zake za Garand zipige 7.62 badala ya .30-06. Njia rahisi iliyobuniwa ilikuwa kutia kipete cha chuma ndani ya chemba ya zamani ili kuifupisha, kwani ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63 na la NATO 51. Kipete kilikaa vizuri mpaka siku kilipotoka pamoja na ganda tupu, bila mpigaji kujua, na risasi iliyofuata ikaingia kwenye chemba ndefu. Mwishowe waliacha vipete wakafunga mitutu mipya. Waingereza walijaribu kubadilisha bunduki yao ya Lee-Enfield No. 4, shabaha ikawavunja moyo, na bunduki ya udunguzi ya L42A1 iliyofaulu ilihitaji mtutu mzito na magazini mpya. India haikubadilisha kitu. Kwenye kiwanda chao cha Ishapore walitengeneza Lee-Enfield mpya kabisa za 7.62, kwa chuma bora zaidi.

Na baada ya yote hayo, bunduki bado haijawa bunduki. Nchi zinazofuata kanuni za C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya bunduki, huitaka irudi kwenye kituo cha majaribio, ipigwe risasi yenye presha ya asilimia 25 zaidi ya kiwango, kisha ndipo igongwe muhuri. Wateja wangu walinung'unikia gharama hiyo miaka yote 31.

Kijana nilimwachia Mauser yake, ila kitako nilikitoa. Nilisugua ile 7.62 kwa msasa mbele yake mpaka ikafutika, halafu nikamwonyesha pa kusoma kuanzia siku ile: juu ya chemba, kwa tochi.

Ndiyo maana nimerudia mara tatu kuitazama picha yenu ya ukurasa wa pili. Maelezo yake yanasema ni "Mauser iliyobadilishwa kuwa 7.62". Kinachoonekana ni kitako tu. Kama mpigapicha bado anaifikia bunduki hiyo, mwambieni apige picha ya chuma.

Fundi bunduki mstaafu