Kwa Nini Baraza Lenye Vitu Vichache Hugharimu Zaidi

Lawama moja imekuwa ikiturudia tangu tulipoanza kazi hii ya kupamba mabaraza ya nje, na hivi karibuni mteja mmoja aliitamka kwa uchungu kuliko wote waliomtangulia. Kazi ilipokamilika alisimama kwenye baraza lake, akahesabu vilivyokuwamo, yaani sakafu ya mawe, benchi la mbao, meza fupi, vyungu vitatu vikubwa na taa chache zilizofichwa chini ya benchi, kisha akasema kwamba kwa fedha alizotoa alitarajia kuona vitu vingi zaidi, na kwamba jirani yake alilijaza baraza zima kwa nusu ya gharama ile. Alijiona amepunjwa. Tunamheshimu, na kwa kuwa swali lake ndilo swali la wateja wengi ambao hawalisemi, tumeona ni haki kulijibu kwa urefu.

Mtindo tulivu wa kisasa, ule wa rangi za udongo, mawe, mbao, mimea na mistari iliyonyooka, hauna mahali pa kuficha kasoro. Katika baraza lenye mapambo mengi, zulia hufunika kigae kilichoinuka, pazia hufunika ukuta wenye ufa, na mito ya rangi kali hulivuta jicho lisitazame kiungo cha mbao kilichoachana. Ukiviondoa vyote hivyo ukabakiza sakafu na benchi, basi sakafu na benchi ndivyo vitakavyotazamwa kila siku, na jiwe lililopanda kwa milimita chache litaonekana kila jua linapoinama na kurefusha vivuli. Kwa hiyo fedha za mteja haziendi kwenye wingi wa vitu. Zinakwenda kwenye usahihi, na sehemu kubwa ya usahihi huo iko chini ya ardhi, ambako mteja hataiona tena.

Tuchukue baraza la mita 4 kwa mita 5, ambalo ni la kawaida kabisa. Tunachimba na kuondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha tunamwaga kifusi cha mawe yaliyopondwa na kukishindilia kwa mashine tabaka baada ya tabaka mpaka kifikie unene wa sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 3 za mawe yaliyokwisha kushindiliwa, na yanapoletwa na lori huwa mengi zaidi kwa sababu kushindiliwa huyapunguza. Juu yake hufuata mchanga au tabaka la saruji, kutegemea aina ya jiwe, na mawe yenyewe hulazwa kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba. Kama baraza linatoka ukutani kwa mita 4, ukingo wake wa nje utakuwa chini kwa takriban sentimita 6 kuliko ukingo wa ukutani. Aliyeketi kwenye benchi hautambui mteremko huo, lakini maji ya mvua huutambua mara moja.

Kila safu ya mawe inapolazwa, fundi huweka juu yake ubao mnyoofu wa mita 2 pamoja na pimamaji, kisha hujaribu kupitisha kipande cha bati chenye unene wa milimita 3 kati ya ubao na jiwe. Kikipita, jiwe linang'olewa, mchanga unasawazishwa, jiwe linarudishwa na kugongwa kwa nyundo ya mpira, na ubao unawekwa tena. Mteja anayepita asubuhi na kurudi jioni huona safu chache tu na kudhani mafundi wamelala, ilhali kazi hiyo ndiyo itakayozuia dimbwi kusimama mbele ya mlango wake miaka mingi ijayo.

Njia ya mkato ambayo wateja wengi hutuomba ni kulaza mawe mapya juu ya sakafu ya zamani ili kuokoa gharama ya kuchimba. Wakati mwingine inawezekana, iwapo zege la zamani ni zima na lina mteremko mzuri. Mara nyingi zaidi halifai, kwa sababu nyufa za zege la chini hupanda mpaka juu, na kwa sababu kila sentimita unayoongeza huisogeza sakafu karibu na tabaka la kuzuia unyevu lililomo ndani ya ukuta wa nyumba. Kanuni tunayoifuata ni kwamba sakafu ya nje ikae angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Tuliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo fundi mwingine alilaza vigae juu ya vigae mpaka sakafu ya nje ikalifikia tabaka lile na kulipita, na rangi ya ukuta wa sebuleni ilikuwa imeanza kubanduka kuanzia chini. Mwenye nyumba alilipa mara tatu: kwa vigae vile, kwa kuving'oa, na kwa kuukarabati ukuta. Wanaotaka sakafu ya ndani na ya nje ziwe sawasawa, kama mtindo huu unavyopenda, wanaweza kuzipata, ila ni lazima mfereji wenye wavu upite mbele ya mlango wote na upelekwe mahali pa kumwaga maji. Mfereji huo nao hulipiwa.

Kuhusu vigae, tunasema bila kuzunguka kwamba vigae vya ndani vinavyong'aa havifai nje, hata kama vilibaki vya bure kutoka sebuleni. Vikilowa huteleza, na wazee na watoto ndio huanguka kwanza. Kigae cha nje kiwe na uso usiong'aa na daraja la kuzuia utelezi lisilopungua R11, ambapo namba kubwa humaanisha utelezi mdogo. Jiwe la chokaa na marumaru yanahitaji tahadhari nyingine: yasisafishwe kwa siki, ndimu wala dawa yoyote ya tindikali, kwani tindikali huyala na kuacha mabaka yasiyofutika kwa kusugua. Dada mmoja alitupigia simu akiamini tulimuuzia mawe mabovu, na tulipofika tulikuta dawa ya choo pembeni mwa ndoo.

Sasa mbao, ambazo ndizo hutuletea malalamiko mengi kuliko kitu kingine chochote. Tunatumia msaji au mbao nyingine ngumu yenye mafuta yake ya asili, na bei yake huwashtua watu wanaoilinganisha na bei ya msonobari. Msonobari usiotiwa dawa ukikaa nje unaoza, na hakuna rangi itakayobadilisha jambo hilo. Kuna wanaotuambia tupake vanishi ing'ae ili mbao ya bei nafuu idumu. Vanishi hutengeneza ngozi juu ya mbao, na mbao iliyo nje haitulii, kwani hufura inaponyonya unyevu na kusinyaa inapokauka. Ngozi ile hupasuka, maji huingia kwenye ufa na kushindwa kutoka, na mbao huanza kuoza ikiwa imefunikwa vizuri kwa juu. Ili kuirekebisha, vanishi yote lazima ikwanguliwe na kupigwa msasa mpaka mbao tupu ionekane, kazi inayokula muda mwingi. Mafuta ya mbao, kwa upande mwingine, huingia ndani badala ya kukaa juu, na yanapopungua unaosha, unaacha pakauke na kupaka tena, takriban mara moja kwa mwaka. Asiyetaka hata kazi hiyo anaweza kuuacha msaji wake bila mafuta, na jua litaugeuza kuwa na rangi ya kijivu cha fedha. Rangi hiyo si uchakavu. Miale ya jua huvunja lignini, yaani kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, kwenye uso wa mbao tu, na ndani mbao hubaki nzima. Wateja kadhaa wametutaka turudishe fedha kwa sababu ya kijivu hicho, na ndiyo maana siku hizi tunaonyesha kipande kipya na kipande kilichokaa juani kabla ya mkataba kusainiwa.

Tazameni pia miguu ya benchi. Ncha ya ubao iliyokatwa hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu wake, kwa hiyo mguu uliosimama moja kwa moja juu ya jiwe lenye maji hulowa kutoka chini kila mvua inaponyesha. Sisi huweka chini ya kila mguu kisigino kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kinachoinua mbao kwa sentimita 1 hivi, na ncha yenyewe tunaiziba kabla ya kuifunga. Vivyo hivyo kwa skrubu. Mbao ngumu nyingi zina tanini, yaani kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida penye unyevu huacha madoa meusi yanayotiririka kwenye ubao. Tunatumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na karibu na bahari tunatumia daraja la 316 kwa kuwa hustahimili chumvi. Mteja mmoja alinunua skrubu zake mwenyewe ili apunguze gharama, na akiba hiyo ilitosha kulipia sehemu ndogo tu ya kazi ya kufungua benchi zima na kuyaondoa madoa.

Kwenye mimea hatuna mengi ya kubishania, isipokuwa mawili. Chungu kisicho na tundu chini huua mmea hata uwe mgumu kiasi gani, kwa sababu mizizi hukosa hewa ndani ya maji yaliyosimama. Na mianzi ya aina inayotambaa isipandwe ardhini bila kizuizi imara kuizunguka, maana mizizi yake husafiri chini na kuchipua mahali ambapo haikualikwa, hata katikati ya viungo vya sakafu. Anayeipenda aipande kwenye chungu kikubwa au achague aina inayokua kwa kichaka. Kwa sehemu za changarawe, tandikeni kwanza kitambaa cha kuzuia magugu, na mchague kokoto zenye pembe, kwani mawe ya duara hukimbia chini ya nyayo.

Taa ndizo husahaulika mpaka sakafu imekwisha. Mabomba ya kupitishia nyaya yanapaswa kulala chini ya kifusi kabla jiwe halijawekwa, na anayetuita baadaye hulazimika kuchagua kati ya kung'oa mawe na kuona waya ukining'inia ukutani, jambo linaloharibu kabisa utulivu alioutafuta. Tunachagua taa zenye mwanga wa joto, yaani unaoelekea manjano, kati ya Kelvini 2700 na 3000 kwenye kipimo cha rangi ya mwanga, zenye kinga ya IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji yanayorushwa, pale zinapopigwa na mvua, na tunazielekeza kwenye ukuta, mmea au sakafu badala ya machoni mwa aliyeketi.

Makadirio yetu huandikwa kipengele kwa kipengele, kuanzia uchimbaji hadi kisigino cha benchi, na mteja ana haki ya kuuliza juu ya kila mstari. Akitaka kupunguza gharama, tuko tayari kupunguza ukubwa wa baraza, kubadilisha jiwe la asili kwa vitofali vya zege vilivyotengenezwa vizuri, au kuacha meza na vyungu vinunuliwe baadaye. Hatupunguzi kifusi, mteremko wala daraja la skrubu, na kazi ambayo mteja anasisitiza tuvipunguze hatuipokei. Mwenye bajeti ndogo tunamshauri atengeneze sakafu, mfereji na mabomba ya nyaya mwaka huu, akalie viti alivyo navyo, na benchi lifuate fedha zitakapopatikana, kwa kuwa benchi huongezwa kwa siku moja bila kugusa kitu kingine, ilhali kifusi hakiwezi kuongezwa chini ya mawe yaliyokwisha kulazwa.