Safari hii tunamchangia aliye hai

Ndugu wanachama, majirani wa Uyole na Igawilo, na ninyi mliohamia Dar na Dodoma ambao msiba ukitokea nyumbani hamkosi kutuma chochote: salaam.

Najua ujumbe wa katibu wa kikundi cha kuzikana ukiingia kwenye simu, mtu kabla hajaufungua anauliza, "Nani tena?" Safari hii hakuna aliyefariki. Hatuhitaji sanduku, turubai wala masufuria. Tunaomba mchango kwa ajili ya watu walio hai, na nitaanza na mmoja ambaye wengi mnamfahamu. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina kaniomba nisiliweke.

Ni utingo. Lori lao, likiwa limesheheni viazi kwenda Dar, lilikosa breki kwenye mteremko wa Kitonga. Dereva alifia pale pale. Yeye alitokea dirisha la kushoto, na waliofika kwanza walimkuta barabarani anaokota viazi kimoja kimoja, anarudisha kwenye gunia lililopasuka. Hakuwa na hata mkwaruzo. Dereva tulimzika vizuri, na daftari la michango ya siku ile ninalo. Utingo tulimnunulia soda, tukampa pole, tukamwambia ashukuru Mungu. Basi.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Analala na viatu mguuni. Siku moja tulikuwa tumekaa kwa mama lishe pale barabarani, ana wali maharage mbele yake, lori likasimama jirani likitoa ile harufu ya breki zilizoungua. Mkono wake wa kushoto ukaruka juu wenyewe, ukawa unapapasa hewani kutafuta kitasa cha mlango. Sahani ikaenda chini. Macho yalikuwa wazi lakini kwa mama lishe hakuwepo. Alipotulia alilipa, sahani iliyovunjika akalipa pia, akaondoka kwa miguu. Magari hapandi. Hata Mwanjelwa anakwenda kwa mguu, daladala zinampita.

Mtaani maneno hayakosekani. Wako wanaosema mzimu wa dereva unamdai, na wako wanaosema ni kimpumu. Kimpumu anakunywa kweli, maana asipokunywa halali. Kuna mganga alishakula kuku wawili na hela ya mbegu, na hali ni ile ile.

Kwenye kikao cha mwezi uliopita tulimwalika muuguzi mstaafu wa afya ya akili, mama yetu mmoja ambaye sasa analima parachichi. Alizungumza saa nzima na hakuna aliyetoka nje kupokea simu, jambo ambalo tangu niwe katibu sijaliona. Akasema hali hii inaitwa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya miaka ya kuwaona askari waliotoka Vietnam. Mzee wetu mmoja wa meza kuu akahesabu kwa vidole, akasema, "Vita vya Kagera tulimaliza sabini na tisa." Akanyamaza. Tunaofahamiana na familia ile tunajua kwa nini mkewe alikuwa anamwamsha kwa kumgusa na mwiko wa ugali akiwa amesimama mbali.

Mama akaeleza hivi. Ndani ya ubongo, pande zote mbili, kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kinachoitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga honi. Kinaipiga kabla hujajua umeona nini, na ni vizuri hivyo, maana nyoka akiwa njiani huna muda wa kufikiri. Honi ikilia, mwili unamwaga adrenalini, na ubongo wenyewe noradrenalini: moyo mbio, viganja jasho, misuli tayari. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoigongomea kumbukumbu ya hatari isitoke. Halafu kuna sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotakiwa kuiambia honi: nyamaza, hili ni lori tu limesimama. Kwa mgonjwa wa kiwewe, vipimo vya picha za ubongo mara nyingi vinaonyesha honi inalia kupita kiasi huku sehemu ya mbele ikilegea. Dereva mmoja mkongwe akadakia kutoka nyuma, "Kwa hiyo naye breki zimefeli." Watu wakacheka, mama akasema hajawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Kilichonikaa zaidi mimi ni habari ya hipokampasi. Hiyo ndiyo sehemu ya ubongo inayoandika jambo lilitokea lini na wapi, kama daftari la safari la dereva. Hofu ikizidi, daftari linaandikwa vibaya: harufu inabaki, mlio unabaki, joto la usukani linabaki, ila tarehe haipo. Kumbukumbu isiyo na tarehe ikija haiji kama jambo la mwaka jana. Inakuja kama jambo la sasa hivi. Ndiyo maana utingo wetu alikuwa anatafuta kitasa cha mlango akiwa amekaa kwenye benchi.

Kijana mmoja akauliza swali ambalo nilikuwa naogopa kuliuliza: mbona wengine wanapata ajali na wanaendelea na maisha? Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu waliopitia tukio la kutisha, wanaoupata ugonjwa huu ni kama asilimia 5.6. Wengi wanashtuka, wanaota ndoto mbaya, baada ya wiki kadhaa wanapoa wenyewe, na ndiyo maana daktari anasubiri dalili zipite mwezi mzima kabla ya kuupa ugonjwa jina. Lakini hao wachache si waoga. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa pacha wa kufanana, mmoja alikwenda vitani Vietnam na mwenzake akabaki nyumbani. Waliorudi na ugonjwa mkali walikuwa na hipokampasi ndogo, na pacha zao ambao hawakusikia hata risasi walikuwa nayo ndogo vile vile. Kumbe mtu anaweza kuzaliwa na daftari lenye kurasa chache, na hajui mpaka siku ya ajali.

Tiba ipo. Naomba msome hapa taratibu, kwa sababu ndipo fedha zenu zinapokwenda. Dawa zinazosaidia ni kama setralini na paroksetini, zinazotaka wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na hizo ni za daktari. Valiamu anayouziwa mtu kwa kificho si tiba ya ugonjwa huu, na pombe inamlaza huku ikimzuia ubongo wake kujifunza upya. Tiba inayotangulia zote ni ya mazungumzo. Si mazungumzo ya kawaida. Sisi tuna mtindo wa msibani, kila anayeingia anamuuliza manusura, "Ilikuwaje?" Anasimulia mpaka pale lori linapoacha njia, analia, tunamwambia basi nyamaza. Mgeni mwingine anaingia, tunaanza upya. Kila mara tunamwacha ndani ya lori! Kumbe hata wataalamu hawashauri kumlazimisha mtu asimulie siku ile ile ya tukio. Katika tiba, baadaye, mtu anasaidiwa kuipitia habari yote polepole, wiki kwa wiki, kuanzia asubuhi ile, hadi mteremko, hadi dirisha, hadi viazi, hadi alipofika nyumbani yu hai. Aina mojawapo huchukua vikao kati ya 8 na 15. Kumbukumbu haifutwi. Inaandikiwa tarehe.

Ipo njia iliyotungwa na wataalamu wa Ujerumani ambayo ilijaribiwa na wakimbizi hapa jirani, Uganda. Mgonjwa analaza kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Panapouma anaweka jiwe, palipokuwa na furaha anaweka ua, kisha anasimulia akiifuata kamba. Kule kambi ya Nakivale, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wakimbizi wenyewe, wasio madaktari wala wauguzi, walifundishwa wakaweza kuwatibu wenzao. Hata nchini kwetu, Moshi, na Bungoma ya Kenya, washauri wa kawaida walifundishwa kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi, watoto 640 wakahusishwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020. Kwa hiyo msiniambie mambo haya ni ya watu wa Ulaya.

Maombi yanaendelea kila Jumatano na hakuna anayeyazuia. Aliyevunjika mguu tunamwombea na POP tunamfunga.

Mpango wetu ni huu. Wanachama wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, watafundishwa na yule mama na mwenzake: shilingi 1,200,000 pamoja na posho na vitabu. Chumba cha nyuma ya ghala letu kinahitaji dari, mlango unaofungika na vioo, shilingi 850,000. Dari si anasa. Mvua ya Mbeya ikipiga bati tupu, mtu hawezi kusimulia lililomsibu kwa kupiga kelele. Wagonjwa kumi wa kwanza tutawapa nauli na chakula, 5,000 kwa kila kikao, vikao 12, jumla 600,000. Na 750,000 ni akiba ya dawa na ya wale watakaohitaji kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Jumla ni 3,400,000. Sandukuni tuna 910,000, tunatafuta 2,490,000.

Utingo ameshakubali kuwa wa kwanza. Ameweka sharti moja, kwamba chumba kisiwe upande wa barabara kuu. Tumekibadilisha.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, uwanja wa ghala. Kutakuwa na mnada: mbuzi mmoja, mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, debe sita za parachichi, na yeyote mwenye gunia la viazi alilete, tutalinunua kwa bei ya kuchekesha. Walio mbali watume kwa mhazini kwa namba ile ile ya misiba, waandike neno KAMBA ili asichanganye daftari, na kila mmoja atapata risiti. Fundi wa dari anaanza Jumanne, kwa hiyo mwenye mbao au misumari asisubiri mnada.