Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara kuhusu damu ya wapulizaji wa mikorosho

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa,
Mtwara.

YAH: KUPIMA DAMU YA WAPULIZAJI KABLA YA MSIMU, PAMOJA NA UDONGO NA MAJI YAO

Ndugu Katibu Tawala,

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, na sasa ninalima mikorosho yangu michache huku Newala. Ningeweza kumwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa, au mkuu wa kilimo, lakini jambo ninalolileta limekaa katikati ya meza zao mbili. Kila mmoja akilitazama kwa upande wake anaona nusu tu, na ofisi yako ndiyo yenye meza zote mbili.

Kila mwaka, kuanzia Mei au Juni hadi kwenye Septemba, Uwanda wa Makonde hufunikwa na vumbi la njano. Tunapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, na wadudu wakizidi, hasa mbu wa mikorosho, tunapuliza viuatilifu vya maji, ambavyo baadhi yake ni vya jamii ya oganofosfeti. Siandiki kuilaumu salfa. Bila salfa maua hunyauka, na maua yakinyauka hapa kwetu hakuna ada ya shule wala bati la nyumba. Ninachouliza ni kama maabara zetu zinaweza kusoma kwa usahihi kinachotokea ndani ya damu ya kijana anayebeba bomba la kupulizia mgongoni. Kwa maoni yangu bado haziwezi, na kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa mashine ni kwamba sumu inatafutwa ndani ya damu ambayo yenyewe haijulikani.

Nianze na kipimo chenyewe. Oganofosfeti huzuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake kubwa iko kwenye mfumo wa fahamu lakini hupatikana pia juu ya utando wa chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana tone la damu linaweza kutuambia kilichompata mtu shambani. Hata hivyo, kiwango cha kimeng'enya hiki hutofautiana sana baina ya watu wenye afya, kiasi kwamba mtu aliyezaliwa na kiwango cha juu anaweza kupoteza sehemu kubwa yake na bado akasomeka kuwa yuko sawa. Kipimo kimoja kinachochukuliwa mwezi Agosti, baada ya mtu kutapika na kutokwa jasho, hakina cha kulinganishwa nacho. Kinachofaa ni namba ya mtu yuleyule kabla hajashika bomba.

Halafu liko jambo la wingi wa damu, na hapa ndipo niliposhuhudia makosa mengi zaidi. Kwa kuwa kimeng'enya kimekaa juu ya chembe nyekundu, mwenye chembe chache ataonekana ana kimeng'enya kidogo hata kama hajawahi kugusa kiuatilifu maishani mwake. Katika mkoa wenye malaria, minyoo na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), upungufu wa damu si jambo la kushangaza. Kipimo hiki lazima kigawanywe kwa hemoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) ya mtu huyohuyo, vinginevyo tutatangaza sumu mahali ambapo pana malaria, na tutatangaza malaria mahali ambapo pana sumu. Upande wa selimundu mambo huchanganyika zaidi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya mgonjwa wa selimundu huishi kati ya siku 10 na 20, na uboho wake hutoa chembe changa mfululizo zenye kimeng'enya kipya. Alama ya sumu inayodumu kwa wiki nyingi katika damu ya mtu mmoja inaweza kufutika upesi katika damu ya jirani yake.

Kuhusu selimundu yenyewe sitasema mengi, kwa sababu angalau inajulikana hata vijijini, ambako wengi huiita sikoseli. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine, na mwaka 1954 Anthony Allison, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, alieleza kwamba mwenye jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imebaki kwetu kwa wingi.

Usiojulikana ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao umeenea katika nchi za malaria. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaume ndio huathirika zaidi. Chembe isiyo na G6PD ya kutosha haiwezi kujikinga na kemikali zenye nguvu ya kuoksidisha, na hupasuka. Watafiti wa Chicago waliutambua upungufu huu mwaka 1956 walipokuwa wakichunguza kwa nini baadhi ya watu walivunjikiwa damu baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria, na mwaka 2008 dawa moja ya malaria yenye dapsoni iliondolewa sokoni kwa sababu hiyohiyo. Hata vidonge vya naftalini tunavyoweka kabatini kuzuia nondo vinaweza kumdhuru mtoto mwenye upungufu huu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya nilichofanyia kazi, aliletwa kibarua wa kupuliza mikorosho akiwa na macho ya njano na mkojo wa rangi ya chai kavu. Tulimpima malaria, tukamwongezea damu, na sampuli yake ya G6PD ikasafirishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ndani ya kisanduku cha barafu. Jibu lilirudi likisema yuko sawa, na faili likafungwa. Leo nisingelifunga. Damu inapovunjika, chembe kuukuu zenye upungufu ndizo hutangulia kufa, na zinazobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, kwa hiyo mgonjwa hupimwa siku ileile ambayo kipimo kinaweza kumficha. Alipaswa kurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu. Sijui kama salfa ilihusika, au kiuatilifu kingine, au dawa aliyonunua dukani, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba nimeshaamua.

Upande wa mazingira kazi ilishaanza zamani. Watafiti waliopima udongo wa mikorosho ya Kusini katika miaka ya 1990 waliona kwamba salfa huongeza uchachu wake, kwa kuwa bakteria wa ardhini huigeuza kuwa asidi ya salfa, na mchanga wetu hauna uwezo mkubwa wa kuizimua. Juu ya udongo, ningependa yapimwe maji ya mvua. Uwandani maji ni ya shida, nyumba nyingi huvuna ya paa, na vumbi la msimu mzima wa kiangazi hukaa juu ya bati likisubiri mvua ya kwanza ilishushe tangini.

Ninachoomba, Ndugu Katibu Tawala, hakihitaji jengo jipya. Naliendele kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoijua mikorosho kuliko mtu yeyote, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mtwara, na mkoa una hospitali za rufaa. Waitwe katika kikao kimoja, wakubaliane vijiji vichache, na katika vijiji hivyo mtu mmoja apimwe hemoglobini na aina yake, G6PD na kolinesterasi kabla ya msimu, kisha arudiwe katikati na mwishoni, huku udongo wa shamba lake na maji ya tangi lake yakichukuliwa kwa tarehe zilezile na kuandikwa kwa namba ileile.

Kibali cha maadili kiombwe katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majibu yarudishwe kwa mwenye damu, kwa faragha. Nasisitiza faragha kwa sababu nimeona ndoa ikivunjika kwa karatasi ya sikoseli, mama akilaumiwa peke yake wakati jeni hutoka kwa wazazi wote wawili. Nasisitiza majibu kwa sababu huku bado watu wanakumbuka mumiani, na damu inayoondoka bila kurudi na neno lolote huamsha hadithi hizo upya.

Salfa hugawiwa kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kwa orodha ya wakulima, na ingekuwa rahisi kupima watu siku hiyohiyo ya mgao. Lakini anayesaini orodha mara nyingi siye anayepuliza. Vibarua wanaohama shamba hadi shamba hawamo humo, kwa hiyo viongozi wa vyama waagizwe kila mkulima aje na mtu wake wa bomba. Tone la kwanza lazima litoke siku hiyo ya mgao, kabla mfuko haujafunguliwa. Nami nitakuja na kijana wangu, na mkono wangu pia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala.