Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Tarehe za Idd na Diwali Zitangazwe Mwanzoni mwa Mwaka

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta linawagusa waajiri, wafanyakazi, wazazi na watahiniwa wa Kenya nzima, na kwa sababu sahihi inayohitajika kulimaliza ni yako. Chini ya Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, Wizara yako ndiyo inayotoa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali kutujulisha siku tutakayopumzika kwa ajili ya Idd-ul-Fitr, Idd-ul-Azha na Diwali. Ilani hizo huja zikiwa zimechelewa, mara nyingi zikiwa zimebaki siku chache tu, ilhali tarehe zenyewe zinaweza kukadiriwa miaka mingi kabla. Ninaomba zichapishwe Januari, kwa pamoja, zikiwa na sharti kwamba Idd inaweza kusogea kwa siku moja kulingana na kuandama kwa mwezi.

Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Voi na mkazi wa Mombasa, na kazi yangu ni kupanga zamu na kuandaa malipo katika bohari ya mizigo. Katika kazi hii sikukuu ni hesabu kabla haijawa sherehe. Anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma anastahili malipo maradufu kwa mujibu wa kanuni za mishahara. Aliyeajiriwa kwa mwezi akipumzika, mshahara wake haupungui. Na kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye hakuna sheria inayomkumbuka sana, hulala njaa au hukopa. Ilani ikitoka Jumatatu kwa sikukuu ya Jumatano, mimi huweza kubadilisha majina kwenye ratiba, lakini siwezi kumrudishia kibarua siku aliyoitegemea, wala siwezi kumwambia dereva aliyekwisha kuondoka Malaba na shehena kwamba lango atalikuta limefungwa. Kliniki nazo hufungwa, na mgonjwa aliyepewa tarehe miezi miwili iliyopita husafiri kutoka Kwale au Lamu akakuta mlinzi peke yake getini. Wenye uwezo hawaumii. Wanaoumia ni wale ambao nauli ya kwenda na kurudi ni pesa waliyoipangia chakula.

Najua jibu ninaloweza kupewa, kwa sababu nimelisikia kila mwaka: sikukuu ya Kiislamu hutegemea mwezi, na mwezi hauamrishwi na Serikali. Jibu hilo lina ukweli kwa Idd-ul-Fitr, na hata hapo si ukweli wote. Mwezi wa Kiislamu ni wa siku 29 au 30, hauna siku 28 wala 31. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza ya Ramadhani kila mtu anajua kuwa Idd itakuwa moja kati ya siku mbili, na anajua ni siku zipi. Serikali ina mwezi mzima wa kutangaza siku hizo mbili na kusema ipi itafuatwa iwapo mwezi utaonekana usiku wa ishirini na tisa na ipi iwapo hautaonekana.

Kwa Idd-ul-Azha jibu hilo halisimami kabisa. Sikukuu hii huwa siku ya kumi ya Mfungo Tatu, yaani mwezi wa Dhulhija, na anayeishi Pwani hahitaji kuelezwa kwamba mwezi wake huangaliwa usiku wa kuamkia mosi, si usiku wa kuamkia kumi. Mwezi ukishaandama, tarehe ya kuchinja imejulikana, na zimebaki siku tisa. Hakuna sababu ya kidini, ya kisayansi wala ya kisheria ya ilani ya Idd-ul-Azha kutoka ikiwa imebaki siku mbili au tatu. Ikichelewa, imecheleweshwa na ofisi.

Isitoshe, mwezi unaitawala hata sikukuu ambayo hatuilalamikii. Sisi Wakristo wa makanisa ya Magharibi huadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, na ndiyo maana huhamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Tofauti ni kwamba kanisa lilikubali kufuata hesabu ya majedwali, na Waislamu wengi hufuata kuonekana kwa mwezi kwa macho. Ni tofauti ya haki na ninaiheshimu. Sipendekezi mtu yeyote aache kupanda juu ya paa kuuangalia. Ninachosema ni kwamba hesabu ya wanajimu haikosei kwa zaidi ya siku moja, na siku moja ya wasiwasi tunaweza kuiandika kwenye kalenda kama siku moja ya wasiwasi, badala ya kuiacha sikukuu nzima haijulikani.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo. Indonesia ina Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani, na kila mwaka Wizara ya Dini huitisha kikao cha kupokea taarifa za kuonekana kwa mwezi kabla ya kutangaza Idd. Hata hivyo, mawaziri watatu wa nchi hiyo hutia sahihi uamuzi wa pamoja mwaka uliotangulia, wenye tarehe za Idd zote mbili, Maulidi, Krismasi, Ijumaa Kuu, Nyepi ya Wahindu wa Bali, Waisak ya Wabudha na mwaka mpya wa Kichina. Kikao cha mwezi hakijapoteza heshima yake kwa sababu kalenda imechapishwa mapema. Hapa jirani, kalenda za ukutani za Tanzania huwa na Idd tangu Januari zikiwa na maelezo kwamba itategemea mwandamo wa mwezi, na kwa kuwa Idd-ul-Fitr kule ina siku mbili za mapumziko, kosa la siku moja humezwa humo humo. Siombi siku ya pili. Ninataja tu kwamba jambo hili halijamshinda jirani.

Kuna suala la pili ambalo sheria yenyewe imelizaa. Idd-ul-Fitr imeandikwa kuwa sikukuu ya kila mtu, ilhali Idd-ul-Azha imeandikwa kuwa ya wafuasi wa dini ya Kiislamu na Diwali kuwa ya Wahindu. Kwa desturi ya miaka ya karibuni, Wizara yako huipandisha Idd-ul-Azha kwa ilani ikawa ya nchi nzima, kama ilivyokuwa Jumatano tarehe 28 Juni 2023 na Jumatatu tarehe 17 Juni 2024. Desturi hiyo ni njema, lakini desturi si sheria, na kila mwaka tunakaa kungoja kuona kama itarudiwa. Isiporudiwa, mtu wa kazi yangu atalazimika kujua nani ni Mwislamu na nani siye ili ajue nani ana haki ya kubaki nyumbani. Sitaki kuwa na safu ya dini kwenye daftari la wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na Katiba, katika Ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa ajira au haki kwa sababu ya imani yake. Njia fupi ya kutuepusha na hayo ni kuihamisha Idd-ul-Azha kwenye orodha ya watu wote, moja kwa moja.

Tusiambiwe kwamba orodha hiyo haiguswi. Tarehe 10 Oktoba imekuwa Siku ya Moi, ikaachwa baada ya Katiba ya 2010, ikarudishwa baada ya Mahakama Kuu kuamua mwaka 2017 kwamba ilikuwa imeachwa kinyume cha sheria, ikaitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na sasa ni Mazingira. Nchi iliyopata nafasi ya kuibadilishia jina siku moja mara zote hizo haitashindwa kuhamisha mstari mmoja kutoka sehemu moja ya jedwali hadi nyingine.

Kuhusu Diwali sitasema kwamba iwe ya watu wote. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu wapatao 60,000 na Waislamu zaidi ya milioni 5, na ingawa haki haipimwi kwa wingi wa watu, kufunga nchi nzima ni jambo lenye gharama na sidhani Wahindu wenyewe wanalidai. Kinachonisumbua ni kwamba hata haki ndogo waliyopewa huvunjwa na kalenda nyingine ya Serikali hiyo hiyo. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na huo ndio msimu wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Mtahiniwa wa Kihindu ambaye sheria inamwambia siku hiyo ni sikukuu yake anaweza kukuta ratiba imempangia karatasi ya hisabati asubuhi, na hawezi kuifanya siku nyingine. Mwaka 2027 Diwali itakuwa Ijumaa tarehe 29 Oktoba. Tarehe hiyo inajulikana leo, na kijana atakayeketi kufanya mtihani huo yupo shuleni sasa hivi. Kwa mtihani unaoendelea kwa wiki kadhaa, kuiacha siku moja bila karatasi ni kazi ya dakika chache kwa anayepanga ratiba, mradi tu ameletewa tarehe kabla hajaanza kupanga. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Waadventista waliotaka kuishika Sabato yao siku ya Jumamosi katika shule za umma. Haifai wanafunzi wengine nao wasubiri mawakili.

Waorthodoksi, takriban 200,000 kwa sensa hiyo hiyo, wana Pasaka yao, ambayo mwaka 2024 ilikuja tarehe 5 Mei, wiki tano baada ya yetu ya tarehe 31 Machi. Hawatajwi popote katika sheria. Angalau ilani ya Januari ingeweza kuwataja, ili mkuu wa shule au msimamizi wa kazi ajue kwamba anayeomba ruhusa siku ya Ijumaa Kuu yao hajitungii udhuru.

Jambo hilo la ruhusa ndilo litakalosaidia pia pale Waislamu wenyewe wanapotofautiana. Mwaka 2024 wapo walioswali Idd-ul-Azha Jumapili tarehe 16 Juni wakifuata kisimamo cha mahujaji katika uwanda wa Arafa kule Makka, na wapo walioswali Jumatatu tarehe 17. Si kazi ya Waziri kuamua nani yuko sahihi, na nchi ambayo Ibara ya 8 ya Katiba yake inasema haitakuwa na dini ya Serikali haipaswi hata kuonekana ikijaribu. Ilani itaje siku moja ya mapumziko baada ya kushauriana na Ofisi ya Kadhi Mkuu, kisha iwaagize waajiri wawape saa chache za asubuhi wale wanaoswali siku ile nyingine. Wasimamizi wengi hufanya hivyo kwa hiari yao. Wachache wanaokataa hujificha nyuma ya ukimya wa ilani.

Kwa upande wa Maulidi, ambayo baadhi ya wenzetu huiombea siku ya mapumziko, mimi ningeiacha kama ilivyo. Lamu huiadhimisha Mfungo Sita kwa wageni kutoka visiwa na miji yote ya mwambao, na haijawahi kuhitaji Gazeti Rasmi ili ijae.

Mheshimiwa Waziri, usidhani ni jambo linaloweza kusubiri. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, kwa hiyo sikukuu hizi zinarudi nyuma kuelekea Januari na zitavuka. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2033 Idd-ul-Fitr itaswaliwa mara mbili: mara ya kwanza siku mbili tatu baada ya Mwaka Mpya, na mara ya pili karibu na Ijumaa tarehe 23 Desemba, huku Krismasi ikiangukia Jumapili inayofuata. Tuliyaona hayo mwaka 2000, Idd ilipokuja Januari na tena tarehe 27 Desemba. Ilani ya siku mbili katika wiki kama hiyo, mabasi ya kwenda bara yakiwa yamejaa na mishahara ya Desemba ikiwa haijafungwa, itavuruga watu wa dini zote mbili kwa mpigo.

Basi ninaomba ilani moja itoke kabla ya tarehe 31 Januari kila mwaka, yenye sikukuu zote zinazotarajiwa, ya Idd-ul-Fitr ikiwa na tarehe yake ya pili. Ninaomba kwamba ilani ya Idd-ul-Azha ithibitishwe ndani ya saa 48 baada ya kuandama kwa mwezi wa Mfungo Tatu, na kwamba ofisi yako ipeleke Bungeni pendekezo la kuiweka siku hiyo katika orodha ya watu wote. Kuhusu mtihani, inatosha Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani wapate nakala ya ilani kabla ya ratiba ya KCSE kuchapishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti, na la kwanza halihitaji hata Bunge.

Wako mwaminifu,

Mpangaji wa zamu,
Mombasa.

Nakala: Waziri wa Elimu, Waziri wa Leba, Ofisi ya Kadhi Mkuu, Baraza la Mitihani la Kitaifa.