Mwanangu, lile somo la historia usilikimbie

Korogwe

Mwanangu mpenzi,

Salaam. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimenyesha vizuri na mama yako amepanda mahindi mpaka ukingoni mwa ua. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu juzi mtandao ulikatika kabla sijakujibu, na jibu langu ni refu.

Ulisema umetoka Dar es Salaam na digrii ya umeme, umevuka bara zima hadi Tlemcen, Algeria, kusomea uhandisi wa nishati, halafu unawekwa kwenye darasa la historia ya Afrika, na jingine la jinsia na haki za binadamu. Na wenzako wa sera ya nishati, ambao hawajawahi kushika waya, ndio wanaokosoa mradi wako mbele ya darasa. Nilisikia hasira kwenye sauti yako, nikakuelewa. Hata mimi nilianza ufundi nikiamini kwamba waya ukishafungwa sawasawa, kazi imekwisha.

Unaikumbuka zahanati ya kule mlimani, njia ya kwa shangazi yako? Mfadhili aliifungia sola: paneli nane, betri nne, inveta na friji la chanjo. Kazi safi kabisa, aliyeifunga alijua anachofanya. Mwaka wa tatu nikaitwa. Nikapanda bodaboda na mita yangu ya kupimia umeme mapajani. Paneli zilikuwa zinatoa umeme kama siku ya kwanza, lakini betri zote nne zimekufa, maji yamekauka hadi sahani za risasi zinaonekana. Usiku uliotangulia mama mmoja alijifungua kwa mwanga wa tochi ya simu, na simu yenyewe muuguzi ameing'ata kwa meno ili mikono yake ibaki huru.

Nilitafuta kosa kwenye nyaya, sikuliona. Nyumba ya mtumishi ilikuwa imejiunga humo humo, runinga inawaka hadi usiku wa manane. Kijiji kizima kilichaji simu pale kwa shilingi 200, na hakuna aliyejua hela inakwenda wapi. Maelekezo ya kutunza betri yalibandikwa ukutani, kwa Kiingereza. Nikauliza: betri zikifika mwisho wake, nani ananunua nyingine? Zahanati ilidhani ni halmashauri. Halmashauri ilidhani ni mfadhili. Mfadhili alishaondoka.

Nikafunga betri mpya, nikaondoka nimeridhika. Zikafa tena, mwanangu, na safari hii hata miaka mitatu hazikufika.

Aliyeokoa mfumo ule ni mama mmoja, mweka hazina wa vikoba pale kijijini. Alikuja na daftari. Kila simu iliyochajiwa ikaandikwa, hela ikaingia kwenye sanduku la funguo tatu, na funguo wakapewa akina mama wanaojifungulia pale, kwa kuwa giza linawaumiza wao kwanza. Mtumishi akatafutiwa paneli yake ndogo ya runinga. Nilichomfundisha mimi ni kuongeza maji ya betri hadi kwenye alama, basi. Hayo mengine alinifundisha yeye, nami nilikuwa na miaka zaidi ya 20 kazini.

Usidhani ni mambo ya zahanati tu. Kule Ziwa Turkana, Kenya, wamesimamisha mitambo ya upepo 365, jumla megawati 310. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari, lakini laini ya kuupeleka umeme Suswa, kwenye gridi ya taifa, zaidi ya kilomita 400, haijakamilika. Umeme ukaingia kwenye gridi Septemba 2018. Kisha 2021 mahakama iliyokaa Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria. Na Kinangop, huko huko Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa 2016 kwa ugomvi wa ardhi, haujazalisha hata yuniti moja. Upepo ulikuwepo, wahandisi walikuwepo. Sasa niambie, kesi ya Turkana utaielewaje kama hujui malisho ya wafugaji yaligeukaje kuwa ardhi ya kushikiliwa na baraza la serikali ya mtaa kwa niaba yao, tangu enzi za mkoloni? Hilo ndilo darasa unalotaka kulikimbia.

Hata jikoni kwetu somo lipo. Mama yako ana mtungi wa gesi, na anaupenda. Lakini gesi inataka hela yote kwa mkupuo, mkaa unanunuliwa kopo kwa kopo, kwa hiyo maharage bado yanachemka kwenye mkaa. Mhandisi akija na jiko zuri asiulize siku ya mshahara, jiko litakaa juu ya kabati.

Kwa hiyo hao wa sera kaa nao. Wafundishe kusoma mita, nao wakufundishe kusoma mkataba. Wakikukosoa, andika walichosema kabla hujajibu. Hasira yako naijua, umeirithi kwangu.

Jumamosi napanda tena mlimani kukagua betri. Nimemwomba yule mama ruhusa nilipige picha daftari lake, kurasa zote tangu siku ya kwanza, naye amekubali, ila anataka kujua walimu wako watasemaje. Nitakutumia. Ukipata nafasi ya kuliingiza kwenye tasnifu yako, liingize kwa jina lake.

Mama yako anauliza kama huko baridi imeanza.

Ni mimi,
Baba yako